Niliona rangi ya kahawia kwenye ini la samaki, nikatangaza kifo Uvira nzima

Wakuu, poleni na majukumu.

Niko Uvira, huku kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Kiswahili changu kina Kifaransa ndani yake, mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipokuwa mjinga nitasema wazi kwamba nilikuwa mjinga. Sina cha kuficha, mji mzima ulishanicheka.

Nilikuwa namaliza masomo ya biolojia, niko kwenye mémoire, yaani ile kazi ya utafiti ya mwisho.

Swali langu lilikuwa hivi: mvua zikinyesha sana, mto Mulongwe unamwaga matope mengi ziwani. Je, tilapia wanaoishi kwenye yale matope wanaumia ndani ya mwili kuliko wale wa maji safi huko kusini?

Sasa utajuaje samaki anaumia ndani? Hapo ndipo utamu wa sayansi ulipo, wakuu.

Seli za mwili zikizidiwa, nyingi hazifi ovyo. Zinajiua kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayevunja nyumba yake tofali kwa tofali ili isiwaangukie majirani. Kazi hiyo inafanywa na protini inayoitwa caspase. Ichukulieni kama mkasi. Kwenye seli nzima mkasi umefungwa. Seli ikiamua kufa, mkasi unafunguka na kuanza kukata.

(Msiogope. Hata sasa unaposoma, kuna seli zako zinakufa hivyo hivyo. Vidole vyako tumboni mwa mama vilitengana kwa sababu seli za katikati zilikubali kufa. Bila hicho kifo tungezaliwa na miguu ya bata.)

Mkasi huo huwezi kuuona kwa macho, hata kwa hadubini. Kwa hiyo unatumia anticorps, kwa Kiswahili cha shule kingamwili. Ni protini iliyotengenezwa ishike kitu kimoja tu. Hii yangu ilikuwa inashika mkasi uliofunguka peke yake. Ukifungwa, inaupita.

Halafu unaweka kingamwili ya pili inayoishika ile ya kwanza. Hii ya pili imebeba kimeng'enya, na ukiipa dawa yake inatoa rangi ya kahawia. Penye kahawia, pana seli inayokufa. Ndivyo nilivyofundishwa.

Kichupa chenyewe kilitoka Ulaya, kikapita Bujumbura ndani ya boksi la barafu. Aliyekileta ni CT Byamungu, msimamizi wangu. CT kwetu ni Chef de Travaux, mwalimu wa chuo aliye chini ya profesa. Boksi lilikuwa kubwa kama la kuwekea soda. Ndani yake, kichupa kidogo kama kucha, na ndani ya kichupa, tone. Mama yangu mkubwa alipoona picha aliuliza, "Ile maji yenyewe iko wapi?"

Huyo mama mkubwa, tunamwita Tantine Faida, ndiye aliyenilea tangu niko na miaka sita. Anauza samaki. Tilapia wabichi kwa watu wa mjini, na ndagala, yaani dagaa, wakavu kwa akina mama wanaopeleka sokoni kwenye bonde la Ruzizi. Nyumba yetu imesimama juu ya samaki.

Basi, wiki hiyo CT alikuwa amekwenda Bukavu. Aliniachia karatasi ya hatua za kufuata, akasema, "Fuata mustari kwa mustari. Nikirudi tutasoma pamoja."

Nikakata maini ya tilapia wa Mulongwe na wa kusini vipande vyembamba kuliko karatasi, nikavibandika kwenye vioo, nikadondosha kingamwili, nikaweka kwenye frigo mpaka asubuhi. Kesho yake nikaweka ya pili, nikaweka dawa ya rangi, nikachungulia kwenye hadubini.

Wakuu, KAHAWIA!

Kahawia kila mahali. Kama kahawa imemwagika. Ini lote.

Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kama ni nyoka. Nilijiona tayari nimesimama mbele ya jury, wale walimu wanaopima mémoire, watu wanapiga makofi, matope ya Mulongwe yanaua samaki na mimi ndiye niliyegundua.

Nikapiga picha kwa simu. Sikumngoja CT. Nilikwenda moja kwa moja sokoni.

Tantine alikuwa anapima tilapia, amezungukwa na wateja. Nikamwonyesha simu. "Tantine, angalia! Zote zinakufa! Hawa samaki wa Mulongwe wako na kifo ndani ya maini!"

Tantine akaangalia picha, akaangalia samaki kwenye beseni, akaangalia wateja.

Wateja walikuwa wananiangalia mimi.

Mama mmoja akarudisha samaki wake polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu aliyelala.

Mnajua habari inavyotembea. Jioni ile walisema samaki wa Mulongwe wako na kifo. Siku ya pili ikawa samaki wa Uvira. Siku ya tatu jirani yetu akaniuliza kama ni kweli serikali imeleta mashine inayoonyesha kifo cha mtu kabla hajafa, maana angependa kumpima mume wake.

Jumamosi ndiyo iliniuma. Kuna mteja mkubwa wa Tantine, Mama Nsimire, wa Luberizi, huko bondeni. Kila Jumamosi anachukua ndagala, anauza kwao na vilevile Katogota. Siku hiyo alishuka na mifuko yake mitupu, akasimama mbali na meza.

"Dada Faida, minye sibebi leo. Watu wa kwetu wamesikia."

"Wamesikia nini? Hii ni ndagala. Mutoto alisema tilapia."

"Wamesikia samaki. Na mwenye kusema ni mutoto wa nyumba yako, njo maana wanaamini."

Akaondoka na mifuko yake mitupu.

Tantine hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alifunika ndagala kwa turubai, akakaa. Baadaye akasema tu, "Weye ulisema. Weye utajua namna ya kusema tena."

Sikulala vizuri, wakuu. Lakini bado nilidhani shida ni mdomo wangu. Rangi yenyewe sikuwa na shaka nayo hata kidogo.

Jumatatu CT akarudi. Alikuwa ameshasikia habari akiwa ndani ya gari, bado yuko njiani, hajafika hata Runingu. Abiria mwenzake ndiye alimwambia asile samaki.

Akakaa kwenye hadubini. Akasogeza kioo huku na huku.

"Hii ni ya Mulongwe?"

"Ndiyo, CT."

"Na ile ya kusini, ya maji safi?"

Nikampa. Nayo kahawia, kama kahawa ile ile. Nilikuwa nimeiona, ila nilijiambia labda matope yamefika mpaka kule. Mtu akitaka kuamini, hakosi njia.

"Na kioo ambacho hukuweka kingamwili ya kwanza kiko wapi?"

"Sikukitengeneza. Niliona ni kupoteza dawa."

"Kitengeneze sasa."

Nikakitengeneza siku ile ile, bila ile kingamwili ya mkasi kabisa. Maana yake hakuna chochote cha kutafuta mkasi. Kilitakiwa kitoke kisafi.

Kikatoka kahawia.

CT akavuta ile karatasi ya hatua, akaweka kidole kwenye mstari wa nne. "Hapa. Eau oxygénée. Uliweka?"

Nikatazama rafu ya dawa.

Wakuu, chupa ya eau oxygénée ilikuwa imekwisha. Nilijiambia, si ile ya famasia ya kuoshea vidonda? Vioo vyangu havina kidonda. Nikaruka.

CT aliinama juu ya meza. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka akavua miwani.

Kumbe damu na ini vina vimeng'enya vyao wenyewe, ndugu wa kile kinachobebwa na kingamwili ya pili. Usipovizima mapema kwa eau oxygénée, navyo vinatoa kahawia. Kwa hiyo sikuwa nimeona kifo. Niliona ini likiwa ini.

"Sayansi yako tutairekebisha wiki hii," CT alisema. "Soko utalirekebisha mwenyewe."

Nikaenda famasia, nikanunua chupa. Kesho yake saa nne asubuhi, soko limejaa, nikasimama karibu na meza ya Tantine. Nilikuwa nimeomba ini la mbuzi kwa muuza nyama, na ini la tilapia wa Tantine aliyevuliwa asubuhi ile.

Nikasema kwa sauti: "Mimi ndiye niliyesema samaki wako na kifo. Nilikosea. Acheni niwaonyeshe nilikosea wapi."

Nikamwaga eau oxygénée juu ya ini la samaki. Povu likapanda, jeupe. Watu wakarudi nyuma: "Aaa! Si hiyo sasa!"

Nikamwaga juu ya ini la mbuzi. Povu likapanda zaidi.

Muuza nyama akaruka: "Eh! Mbuzi yangu usiitie mambo yako!"

Watu wakaangua kicheko. Nikawaeleza kwamba kila ini, hata langu, lina vitu vinavyochemka hivyo. Nilikiri kwamba kinachotoa povu si kile kile hasa kilichonidanganya labo, yaani maabara, ila vyote ni vya ukoo mmoja. Nikasema niliruka hatua, nikaona kitu cha kawaida nikakiita kifo.

Tantine akainua tilapia mmoja kwa mkia. "Na minye niulize. Samaki akiisha kuwa ndani ya sufuria, seli yake gani ingali hai?"

Hapo soko zima likavunjika mbavu. Mtu mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Siku zilizofuata nilirudia kazi yote. Mstari kwa mstari, na vioo vya kulinganisha vyote. Safari hii kioo kisicho na kingamwili ya kwanza kilitoka kisafi kama maji ya asubuhi. Na vile vingine? Nukta chache za kahawia, moja hapa, moja kule. Kwenye maini, Mulongwe na kusini karibu sawa.

Jibu la kuchosha namna hiyo sijawahi kulipenda vile. Nilizihesabu zile nukta nikitabasamu peke yangu. Zile zilikuwa seli zinazokufa kweli. Mwishowe nilikuwa naona nilichokuwa natafuta.

Jumamosi Mama Nsimire akaja tena. Alikuwa amesikia habari za mbuzi. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Na hii ndagala? Muliipima?"

Nilitamani kusema ndiyo. Tantine alikuwa ananisikiliza, turubai limefunuliwa.

Nikasema, "Hapana, mama. Nilipima tilapia tu. Ya ndagala sijui."

Akaniangalia. Kisha akafungua mfuko wake wa kwanza na kuanza kujaza.

"Mama, nimesema sijui."

"Nimesikia. Nimekula ndagala tangu nimezaliwa, ile naijua minye. Mwenye alinitia woga ni ule mwenye alijua vyote."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kabla hujaamini ulichokiona, jiulize ungeona nini kama hakipo. Na kama hujui, sema hujui. Haiui mtu, na biashara ya watu inabaki salama.

Je, wewe umewahi kutangaza kitu kwa nguvu zote halafu ukakuta uliruka mstari wa nne? Wa labo, wa hospitali, wa ufundi, hata wa jikoni, njooni mtuambie. Na wanaotaka kunicheka wapange foleni. Muuza nyama yuko mbele.