Mkono wa Kaka Ulizima Siku ya Mazishi ya Mama

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana watu wa kijijini kwetu Kitaya humu hamkosekani. Mimi ni mwanaume wa miaka 35, nabeba mizigo bandarini Mtwara, nina mke na watoto wawili. Mkinitukana nitavumilia, ila someni mpaka mwisho.

Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka. Figo zake zilikufa, akahamia Dar na mkewe ili asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mishipa yake ilikuwa myembamba, madaktari wakampandikizia mpira chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, unaunganisha mishipa miwili, na sindano za mashine zinachomwa hapo. Ukiweka kidole unausikia unatetemeka kama simu iliyozimwa mlio. Mkewe, mama Zuhura, aliugusa kila asubuhi kabla hata ya kubandika chai. Akiusikia anasema, "Upo." Sote nyumbani tulijua masharti: asivae saa mkono ule, asiulalie, asibebee kitu kizito.

Mama alipofariki, kaka na mkewe walikuja kwa basi, katikati ya siku zake za mashine. Mimi ndiye niliyemuuguza mama, namgeuza, namlisha uji. Lakini mpaka siku ya mwisho alikuwa anauliza mkono wa kaka unaendeleaje. Mgongo wangu hakuwahi kuuulizia hata mara moja. Nakiri nilikuwa na kinyongo, tena kikubwa.

Makaburini wakaitwa watoto wa marehemu washuke kumpokea. Kaka akaninong'oneza, "Mdogo wangu, shuka wewe na mjomba. Mkono huu hauruhusiwi."

Nikamjibu kwa sauti ya chini, akasikia yeye peke yake: "Mama kakubeba miezi tisa. Wewe kumbeba dakika moja tu unaangalia mkono?"

Alinitazama. Akakunja kanzu, akashuka na mjomba. Mimi nikabaki juu nimeshika pembe ya shuka la kufunikia kaburi. Nilimwona mama akitua juu ya mkono ule ule. Mwanandani, ile nafasi ya kumlaza maiti ndani ya kaburi, ulikuwa mwembamba, wakahangaika naye mpaka akalala sawasawa.

Kesho yake asubuhi mama Zuhura akaja kutoka chumba cha wanawake wa msiba, akaweka kidole. Akakihamisha, akaweka tena. Akasema, "Haupo."

Barabara ya Dar ilikuwa imekatwa na mvua, tukafika siku ya pili. Daktari akasema damu imeganda ndani ya mpira, na kwamba tumechelewa. Akauliza, "Mkono huu umeubebea nini?" Kaka akajibu bila kuniangalia, "Niliulalia, daktari. Msiba ulinichosha." Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikanyamaza. Daktari akasema huenda pale kwenye maungio palishaanza kuziba, kuulalia kukamalizia.

Walimpasua wakaitoa damu iliyoganda. Mpira ukatetemeka siku mbili, ukazima tena. Wakamwekea mrija shingoni, nao ukaingia wadudu, homa ikamlaza. Alhamisi ijayo wanampandikizia mpira mwingine pajani. Daktari ametuambia wazi kwamba sehemu za kuweka zinaisha.

Linaloniua ni hili. Kwenye arobaini ya mama, mama Zuhura alirudi kijijini, nami nikaenda, kaka akabaki hospitali Dar. Wazee wakakaa kikao kuulizana mkono wa kaka uliharibiwa na nini. Mjomba akasema, "Kule kaburini marehemu tulimshika sote, ule si mzigo wa kuharibu mkono. Mwenyewe kasema kaulalia. Mke wake alikuwa wapi?" Shemeji akajibu kwamba alilala na wanawake wenzake msibani kama desturi inavyotaka. Wakamwambia kamtupa mgonjwa, na kwamba watu wa ng'ambo ya Ruvuma ndivyo walivyo. Alilia mbele yangu. Kesho yake akachukua mtoto, akavuka mto kurudi kwao kwa baba yake, na huko simu haishiki. Nilikuwa kwenye kile kikao kuanzia mwanzo mpaka dua, na sikufungua mdomo. Najichukia.

Nimerudi Dar kumuuguza kaka, naye hajui kitu. Kila siku ananiuliza, "Shemeji yako mbona kimya?" Namjibu mtandao mbovu. Daktari amekataza asipewe habari ya kushtua kabla ya upasuaji, presha yake iko juu.

Jana amenishika mkono akaniambia, "Huu mpya, mpaka shemeji yako atakapokuja, utakuwa unanigusia wewe kila asubuhi. Simwamini mwingine."

Ndugu zangu, nipeni mawazo kabla ya Alhamisi. Nimwambie kaka ukweli leo akiwa hivi alivyo, au nivuke mto kwanza nikamwangukie shemeji, na kaka aingie chumba cha upasuaji bila mimi wala mkewe? Nifanye nini?