Ufahamu Alioutunga Rafiki Yangu

Mama yangu alichoma mahindi akayauza Lusahunga, pale malori yanaposimama, na kwa mahindi hayo nikasoma mpaka nikawa mwalimu wa Kiswahili huku Ngara. Jinsi watu walivyomsema vibaya kwa ajili ya biashara ile nilimsimulia mtu mmoja tu, mwalimu mwenzangu niliyekuwa nikila naye sahani moja. Alilia pamoja nami. Alilia, jamani.

Ikafika zamu yake ya kutunga mtihani wa Kidato cha Pili. Nami nikapewa kuusahihisha darasani pamoja na wanafunzi. Nikaanza kusoma kifungu cha ufahamu kwa sauti, na kabla sijafika mbali nikamtambua mama yangu. Malori yalikuwepo, beseni la mahindi lilikuwepo, limekosekana jina la mama tu. Mimi nilimwambia rafiki yangu kwamba mama aliyafuata magari. Yeye kaandika “alirandaranda”. Nilisema madereva walimjua. Yeye kaandika “walimzoea”. Nilisema alirudi amechoka. Yeye kaandika “amelegea”. Uongo hamna hata mmoja wa kumshika nao.

Chini yake swali: maneno aliyoteua mwandishi yanaonyesha anamchukuliaje mama huyu?

Binti mmoja, mtoto wa adabu zake, akasimama. “Madamu, mwandishi anamdharau. Hajasema wazi, ila anataka tujue huyu mama alikuwa anauza mwili.”

Darasa likacheka. Hao hao ndio wanaompa mama shikamoo wakipita nyumbani kwangu. Siku wakimuuliza zamani alikuwa akiuza nini na wapi, atawajibu kwa fahari.

Nikatoka nikamfuata rafiki yangu ofisini. Alikuwa anamenya chungwa.

“Sijataja jina la mtu,” akasema. “Hadithi tu, dada. Mbona unakuza mambo?”

Kumbe haya ndiyo aliyokuwa akiyawaza wakati ananifuta machozi. Watu wa kijijini angalau walisema wakiwa mbali. Huyu nilimkaribisha mwenyewe, akala, akasikiliza, akaenda kuchagua maneno. Nilimchukia, na bado namchukia.

Nikarudi darasani. Yule binti alikuwa amenyoosha karatasi yake, anataka kujua kama amepata. Nikatafuta kosa kwenye jibu lake, sikuliona. Alikuwa amesoma vizuri, kama nilivyomfundisha. Nikachukua kalamu nyekundu nikamwekea vema, alama zote.