Kuku Aliyenisemea kwa Baba Mkwe

Jamani, leo nimesemwa na baba mkwe kupitia kuku! 😂

Mnajua mila yetu Wanyakyusa: mkwe wa kike haonani na baba mkwe, wala hawasemeshani. Sasa mzee ndiye fundi, na dari yangu inadondosha maji kila alfajiri hata mvua isiponyesha. Mume wangu alishataka tung'oe mabati yote. Mzee akasema, "Ngoja kwanza nipande."

Nikakimbilia jikoni, khanga mpaka puani.

Mara nasikia sauti toka juu ya ngazi:

"We kuku! Mwambie mwenye nyumba bati halivuji, linatoa jasho. Joto na mvuke wa ndani havina pa kutokea. Nani kaziba matundu ya hewa kwa magunia ya mpunga?"

Ni mimi. 🙈 Popo walinichosha.

Kuku mwenyewe, nimemfunga mlangoni, anadonoa pumba, hana habari.

Mzee akatoa magunia yote, akapigilia wavu wa waya. Hewa ipite, popo abaki nje. Na joto letu hili la Kyela, mchana huu naandika haya nimekaa sebuleni bila kujipepea!

Wakati anaondoka nikashindwa kunyamaza. Nikapaza sauti: "Kuku, mwambie baba ndaga fijo, asante sana!"

Akacheka. Miaka sita ya ndoa, leo ndiyo nasikia kicheko chake.

Kuku huyo alikuwa awe mboga ya mzee leo. Nikampikia mzee samaki badala yake, mume wangu akampelekea.

Hebu niambieni nyie, mkalimani anachinjwa?