Shuka na Suka

Mama alizikwa nyumbani kwetu, karibu na Rodi Kopany, nilipokuwa kidato cha tatu. Sikulia. Wanawake walipoingia bomani wakipiga mayowe, mimi nilikuwa nikipanga vikombe kwenye sinia. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinitazama akasema mbele ya watu, "Huyu ni binti wa aina gani asiyemlilia mama yake?" Nikaendelea kupanga vikombe. Siku chache baadaye akatunyoa vichwa watoto wote, desturi tunayoiita liedo. Sisi ni Wasabato na mchungaji wetu haitaki desturi hiyo, lakini hata yeye alimwogopa shangazi.

Nikarudi shuleni, kule Migori, na kichwa kama yai. Shule yetu iliruhusu matuta, na zamani mama ndiye aliyenisuka kila likizo ilipokaribia kwisha. Alinisuka Ijumaa, nimekaa chini katikati ya magoti yake, akiharakisha amalize kabla jua la Sabato halijazama. Alikuwa na mkono mzito. Nikisema inauma, alinisukuma kisogo kwa kitana na kutoa methali pekee ya Kiswahili aliyoijua: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi nainama.

Shuleni nilikuwa katika klabu ya sayansi kimu. Watu wa drama sikuwapenda na sioni sababu ya kuficha. Ukumbi ukijaa madawati ya mtihani, walihamia chumba chetu jioni na kukanyaga meza tuliyokandia unga. Tuliwapikia ugali wa jukwaani, tukawashonea nguo, na makofi yakipigwa sisi tulikuwa tunaosha sufuria.

Mchezo wa mwaka ule ulianza na mama aliyekufa, halafu watoto wake wakagombana juu ya shamba. Nilipewa kazi ya kushona shuka la kumfunikia maiti. Nikashona upindo kwa cherehani ya kukanyaga, nikafumua, nikashona upya, kwa kuwa mstari haukunyooka vizuri. Mlezi wa drama alisimama akanitazama muda mrefu.

"Wewe ndiye utakuwa binti," akasema. "Machozi hutahitaji kufundishwa."

Kufa kufaana, na mimi nilifaa. Nilisema, "Sawa, madam." Siku zile ungeniambia nipande juu ya tangi la maji ningepanda. Lakini kusema kweli, nilitaka kujua kama yatatoka. Kama hayatoki hata jukwaani, basi shangazi alisema kweli juu yangu.

Mstari wangu wa kwanza ulikuwa huu: "Leteni shuka, nimfunike mama." Nyumbani kwetu ulimi hauna habari na sauti ya "sh". Shati ni sati, shule ni sule, na hakuna anayekufa. Aliyeigiza mama alikuwa msichana Mkuria kutoka Isebania, mwenye Kiswahili cha mpakani kilichonyooka kuliko cha walimu wetu wengine. Alinifundisha akiwa amelala chali juu ya meza, mgongo umejaa unga.

"Sema shhh. Kama unanyamazisha mtoto."

"Shhh. Suka."

"Aki, wewe! Hiyo ni ya nywele. Shhh-uka."

Mwishowe nikaweza. Machozi hayakuja, na mlezi akasema ninayahifadhi kwa siku yenyewe. Siku ya mashindano, nyuma ya pazia la ukumbi mjini Migori, alinipa leso iliyofungwa kitunguu ndani. Nilikuwa nimekikata mwenyewe. Msichana aliyekata vitunguu vya klabu nzima kwa miaka miwili hashtuliwi na kipande kimoja.

Nikapanda jukwaani. Mama alikuwa amelala pale, amefumba macho, miguu imenyooka. Nilimwona shangazi yangu katika kila uso uliokaa mbele. Nikafungua mdomo.

"Leteni suka, nimfunike mama."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa wavulana, kikaja mbele. Shuka likaletwa. Nikamfunika, na shuka likaanza kutetemeka. Maiti alikuwa anacheka. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, hata waamuzi wakaweka kalamu chini. Mimi nilisimama nimeshika leso yenye kitunguu, macho makavu, nikisubiri wamalize ili niendelee.

Hatukwenda mbele katika mashindano. Watu wa drama hawakunisemesha, na mlezi alinipita kwenye veranda kama anayepita ndoo. Nilijua ninapaswa kuona aibu. Niliitafuta ndani yangu, sikuipata. Nilichokuwa nacho ni uchovu tu, na hamu ya kulala.

Ijumaa ile nilikuwa peke yangu katika chumba cha sayansi kimu, nimelifua shuka, nimelikausha na kulipiga pasi ili lirudi stoo. Msichana wa Isebania akaingia na kitana.

"Nisamehe nilicheka," akasema. "Ningeweza kujizuia ningejizuia."

"Haina neno."

"Si ulisema suka? Haya, kuja nikusuke."

"Nywele ziko wapi?"

Akanipapasa kichwa. "Ziko. Hapa mbele zinashikika."

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, nami nikakaa chini katikati ya magoti yake, shuka nimelipakata. Nywele zilikuwa fupi mno, vidole vikawa vinateleza, akawa anavuta kwa nguvu. Jua la dirishani lilikuwa limeshuka hadi kwenye masufuria.

"Inama kidogo," akasema.

Nikainama.

"Inauma?"

Tangu mazishi kila mtu alikuwa ananiuliza kitu cha namna hiyo, na mimi nilikuwa na jibu moja tayari mdomoni, kwamba niko sawa. Halikutoka.

"Inauma," nikasema.

Akaachia nywele. "Basi niache?"

"Usiache."

Alinisuka matuta matatu mafupi, yaliyofumuka kabla ya Jumatatu. Hakuniuliza kitu tena, na sikugeuka. Alipomaliza nililikunja shuka upya, palipolowa chini ya uso wangu pakiwa ndani, upande mkavu nje, nikalirudisha stoo.