Siku Niliyowakimbia Ndovu Wasiokuwepo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, watu husema hata siku ya mazishi yangu nitatuma udhuru. Gari ninalo, lakini wanaolitumia zaidi ni kuku. Hulala chini yake jua likikaza. Kwa hiyo mama mkubwa, dada yake mama aliyeolewa Mghange, alipougua, nilimwambia mama tutakwenda wiki ijayo. Wiki hiyo ikaja na mvua. Iliyofuata nikasingizia tairi. Kisha simu ikapigwa kwamba amefariki.

Mama hakulia mbele yangu. Alisema jambo moja tu: "Nataka kumwona uso kabla hawajamfunika."

Tuliambiwa jeneza litafunguliwa nyumbani asubuhi, na saa sita kaburini, maana kule milimani mvua ya mchana haimsubiri mchungaji amalize. Kutoka kwetu unafuata vumbi hadi Maungu, unashika lami hadi Voi, halafu ndiyo unaanza kupanda. Ukiondoka alfajiri unafika na muda wa chai. Mimi niliondoka saa mbili na nusu. Nilirudi kuangalia kama nimefunga jikoni. Nikarudi tena kwa sababu nilikuwa nimefungia kuku humo. Mama alikuwa ameketi garini tangu giza halijaisha, mkoba magotini.

"Baba," akaniambia, "nyumba haina miguu. Utaikuta hapo hapo."

Vumbi lilitula saa nzima na zaidi. Tulipopanda lami pale Maungu nikakanyaga mafuta hadi mlango wa nyuma ukaanza kuimba. Katikati ya njia, lori lililotoka upande wa Voi likanimulikia taa mara mbili. Dereva mwingine yeyote angejua: polisi wako mbele, punguza. Lakini sisi wa Kasigau tukimulikiwa taa tunawaza ndovu. Ndovu ndio wanaotumalizia mahindi, ndovu ndio wanaofunga barabara mpaka yule mdogo wa mwisho avuke, abadilishe mawazo, arudi alikotoka. Nikawaza, hawa wakiingia lami kabla yangu, mama hamwoni dadake. Nikakanyaga hadi mwisho, niwapite wangali kichakani.

Niliowafikia walikuwa wamevaa sare, na mmoja ameshika kamera ya spidi.

Afisa aliinama dirishani. "Mzee, unakimbilia wapi?"

"Afande, nilidhani kuna ndovu."

Akatazama kichaka cha kushoto, akatazama cha kulia, kwa adabu kabisa. "Na wewe ukiambiwa kuna ndovu, unaongeza spidi?"

"Labda alitaka kumbeba," mwenzake akasema. "Angalia buti kama kuna nafasi."

Mama akachungulia. "Mwanangu, tunakwenda kumzika dada yangu. Tuache tufike. Jioni nitamleta mwenyewe mumfunge."

Yule afisa akavua kofia, akampa pole ya kweli. Kisha akaandika. "Samahani, mama," akasema. "Lakini kwa mwendo huu mngezikwa watatu."

Tukaongozwa moja kwa moja hadi kortini.

Kortini Voi tulikuwa wengi, kila mtu na mbio zake. Nilikuwa nimejiandaa kukiri haraka, nikidhani anayekiri haraka huitwa haraka. Huitwi haraka. Unaitwa zamu yako ikifika. Mama alikuwa kwenye benchi nje, na kila mlango ulipofunguliwa nilimwona akisimama kwa kudhani ni mimi, halafu akiketi tena. Saa sita ilitukuta hivyo, yeye kule, mimi huku. Aliitazama saa ya ukutani, akaacha kusimama.

Nilisema nimekosa, nikatozwa faini, nikailipa kwa simu, nikapewa risiti. Niliikunja vizuri sana, kama mtu aliyenunua kitu.

Tulifika Mghange saa tisa. Udongo ulikuwa umeshapangwa, maua yameloa. Binti wa marehemu akamkumbatia mama. "Mama mdogo, tuliwangoja. Tuliwangoja mpaka matone yakaanza."

"Alikuwaje?" mama akauliza.

"Alikuwa kama amelala."

"Huyo alikuwa analala mdomo wazi. Mlimfumba?"

Binti akatoa simu; alikuwa amempiga picha mama yake ndani ya jeneza. Mama akaurudisha ule mkono taratibu. "Hapana. Weka." Akainama, akashika udongo uliokwisha kumwagwa na wengine, akaumwaga tena pale pale.

Wanaoniuliza jinsi ya kuepuka faini huwa nawapa ushauri bure, kwa kuwa ni kazi ninayoiweza sasa. Ondoka mapema. Ukimulikiwa taa, punguza, awe ndovu au awe polisi. Sijaandikiwa faini nyingine tangu siku ile, na trekta la mkonge lilinipita juzi, dereva akanipungia mkono kama mtu anayeaga mgonjwa.

Lakini sababu kubwa ni kwamba mama haniombi tena nimpeleke mahali. Siku yake ya kliniki anaamka, anajifunga leso, anapita kando ya gari bila kuligusa, anakwenda kusimamisha pikipiki barabarani. Mwezi uliopita nilikuwa nimewasha injini kabisa, nimewafukuza na kuku.

"Mama, ingia nikupeleke."

"Kaa tu nyumbani, baba," akasema, na hakuwa na hasira. "Mimi leo nataka kufika."