Kitambala nyekundu ya kwaya

Yaya Berta, shemeji Zoze, bamama ba kwaya, jambo kwenu bote.
Kwetu tuko bazima, ila binti yetu Grasia tu, sijue iko wapi.

Asubui minye mwenyewe nilimufunga kitambala nyekundu ya kwaya ku kichwa.
«Mama, unakaza sana!»
Tukacheka. Akaenda ku parokia, akasahau telefone ku meza.

Kisha masasi ya bunduki ikaanza kulia.
Waasi baliingia mu muji, bote na kitambala nyekundu ku kichwa!
Sasa basoda ba serikali banakamata kila muntu mwenye kuvaa vile.

Nilitaka kutoka. Baba yake akafunga mulango: «Utamutafuta wapi? Batoto bengine iko hapa.»
Niko nalia tu.

Mwenye atamuona, amufungule ile kitambala, amufiche kwake.
Muniandikie mbio, tafazali.