Tangi Tulilolifukiza

Mwaka 2025, katika mvua za masika tunazoziita Gu, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili na mjane wa mwaka wa tisa. Nilianza kusoma, katika darasa la watu wazima, nikiwa na miaka arobaini na mmoja; tangu hapo hakuna tukio langu lisilo na tarehe.

Tulikuwa wanawake sita katika chumba cha maziwa ya ngamia mjini Garissa. Maziwa yalifika asubuhi kutoka Balambala. Tuliyanusa, tukayachuja, tukayatia katika vyombo vilivyofukizwa kwa moshi wa kuni, kwa kuwa moshi huchelewesha maziwa kuharibika na ndio ladha anayoitafuta mteja wetu. Kwa kazi hiyo niliilisha nyumba yangu bila kumnyoshea mkono shemeji yeyote.

Jumatatu, tarehe 5 Mei, tulikuta tangi la chuma linalong'aa, refu kuliko mimi. Mwenye biashara, kijana aliyeniita eddo, yaani shangazi, alituambia maneno machache tu: "Hii inapasha maziwa moto, inayapoza na kujaza chupa yenyewe. Fundi anakuja kesho." Kisha akaondoka.

"Inajaza yenyewe?" mwenzangu mmoja akauliza. "Basi na mshahara ijilipe yenyewe, sisi twende tukalale."

Tulicheka, lakini si sana. Sokoni ilikwisha semwa kwamba wanawake wawili wangetosha.

Mimi nililizunguka lile tangi mara nyingi. Ndani niliona kijiti chembamba cha chuma kikining'inia, na nikatamani kujua kazi yake.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya fundi kufika, tuliteremsha karai la makaa na kuni ndani ya tangi, tukafunika. Hatukushauriana. Kwetu chombo kipya hakipokei maziwa kabla ya moshi, kama vile sahani mpya isivyopakuliwa chakula kabla ya kuoshwa.

Fundi alipofungua kifuniko, moshi ulimpiga usoni.

"Mama zangu, mnachoma nyama humu?"

Kijiti kilikuwa cheusi, na mpira wa kifuniko umelegea. Mashine ilipowashwa, iliwasha taa nyekundu ikagoma.

"Eddo!" mwenye biashara akapaza sauti. "Nawe uliyesoma ulikuwapo?"

"Mimi ndiye niliyeshika kifuniko."

"Kwa nini?"

"Ulituambia inapasha na inapoza. Hukutuambia haitaki moshi."

Fundi alicheka hadi akashika ukuta. Kijana hakucheka. Alisema lile tulilolihofia: "Basi nitatafuta wawili wanaojua mashine."

Nilimgeukia fundi. "Kabla hajawatafuta, niambie kijiti hiki kina kazi gani."

Akaeleza kwamba kilipima joto na kupeleka habari kwenye kisanduku cha ukutani, na kwamba masizi yalikifunika kama blanketi. Nikauliza kisanduku kinaamuaje. Nikauliza umeme ukikatika huwaje. Wenzangu wakasogea, nao wakauliza yao. Mpira mpya ulipokuwa ukisubiriwa kutoka Nairobi, fundi alitufundisha sote kukisugua kile kijiti na kusoma namba za kisandukuni, naye kijana akasimama nyuma yetu akisikiliza.

Mashine ilipoanza kazi, hoteli na maduka yaliyapenda maziwa ya chupa. Wateja wa sokoni waliyarudisha. "Haya ni ya mgonjwa," mzee mmoja alisema. "Moshi wake uko wapi?"

Baada ya Idi kijana alituita, na kwa mara ya kwanza akaanza kwa kuuliza: "Nyinyi mnaonaje?"

Tulimwambia: tangi kwa hoteli na maduka, vyombo vya moshi kwa soko, na sisi sita tupokezane pande zote mbili. Alibishana kidogo, akahesabu chupa, akakubali.

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, alituletea mkataba. Niliwasomea wenzangu, nikaomba sharti moja liongezwe: kisiletwe kifaa kipya kabla hatujaambiwa na kuulizwa.

"Eddo, hata feni?"

"Hata feni."

Akacheka, akaliandika kwa mkono wake. Tukatia saini sote saba, na zamu ya kwanza ya tangi ikawa yangu.